Zamu Niliyoipokea Gizani Changamwe

Jamani, leo nimepatikana. Tena nimepatikana mchana kweupe, nikiwa nimevaa shati la kupigwa pasi.

Naandika mapema kabla video haijawafikia. Maana iko video. Humo mtamwona mwanamke amesimama katika chumba kitupu, kifua mbele, amepiga saluti, maji yanamchuruzika usoni. Huyo ni mimi. Yale maji si machozi. (Machozi yalikuja baadaye na hayakurekodiwa, namshukuru Mungu.)

Kwa wasionijua, mimi ni Kadzo wa Shika Adabu, Likoni. Nilikuwa fundi wa mitambo katika jeshi la majini, kule Mtongwe, upande wa majokofu na jenereta. Mkataba ulipoisha nikarudisha magwanda, nikapewa mkono, nikatoka getini na begi langu moja. Tangu hapo natafuta kazi ya uraiani. Nimetafuta mpaka soli zimelalamika! Na kila ninakofika, nikishasema nilikuwa jeshini, mtu ananitazama mabega, halafu anatabasamu: "Basi wewe tutakuweka getini." Mimi nimefungua kompresa na kuifunga tena meli ikiwa inayumba. Getini nikafanye nini?

Mama naye keshaanza kuniogopa. Naamka alfajiri, natandika kitanda mpaka shuka inakaza kama ngozi ya ngoma, kisha nasimama kando yake. Nasimama tu. Juzi akanikuta hivyo, akaweka kikombe chini taratibu.

"Kadzo mwanangu, nani aja kukukagua?"

Nikacheka. Nikainyoosha shuka iliyokuwa imeshanyooka.

Sasa, wiki iliyopita nikaona tangazo. Kiwanda kimoja cha barafu huko Changamwe kinatafuta fundi wa mitambo ya baridi. Fundi! Nilisoma mara tatu nihakikishe hawakusema askari. Nikapeleka vyeti, nikaitwa mahojiano leo asubuhi. Na leo ilikuwa ndiyo leo, kwa sababu binamu yangu alikuwa ameshaniombea kazi ya ulinzi kwenye duka moja kubwa, naanza Jumatatu. Nikikosa hii ya barafu, Jumatatu niko mlangoni napekua mikoba ya watu. Nilijiapia kwamba leo sikosi.

Jeshini tulifundishwa kwamba kufika kwa wakati ni kuchelewa. Kwa hiyo nilifika mapema mno. Kiwanda kiko ndani kabisa, nyuma ya magodauni, kule ambako hata kelele za malori hufika zimechoka. Getini hapakuwa na mtu. Palikuwa na kiti, na juu ya kiti kikombe cha chai kinachofuka moshi, lakini mwenye chai hayupo. Nikaita hodi. Nikaita tena. Ukimya wa mahali pale ulikuwa mzito, si ule wa watu wamelala, ni ule wa watu wamenyamaza.

(Mtu mwenye akili angengoja hapo hapo. Mimi nikaingia.)

Ndani kuna majengo mawili yaliyoshikana ukuta. La kulia ni jipya, mabati meupe. La kushoto ni la mawe, la zamani, madirisha yamezibwa kwa matofali. Na kwenye mlango wa hilo la zamani alikuwa amesimama mzee. Ovaroli ya bluu, imepigwa pasi hadi mkunjo wa mguuni unaonekana. Buti zinang'aa. Nikasema moyoni, huyu ni mwenzangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa."

Nilikuwa nimewahi karibu saa nzima! Lakini mwanajeshi habishani. Nikakaza mgongo.

"Samahani, mzee. Nimekuja kwa ile kazi ya..."

"Najua ulilojia. Nimekungoja sana, mwanangu. Sana."

Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka mpaka ndani ya mifupa. Nywele za mikono zikanisimama. Nikajiambia ni baridi ya barafu. (Barafu iko jengo la pili, lakini ukitaka kujidanganya hukosi sababu.)

"Zamu umewahi kupokea?"

"Miaka tisa nimepokea, mzee."

"Basi utaratibu waujua."

Naujua sana! Niwaeleze ninyi msioujua, maana balaa lote liko hapa. Mtu wa mitambo haondoki tu kazini eti saa zimefika. Anayetoka humkabidhi anayeingia hali ya kila mtambo. Anayeingia huyarudia yote kwa sauti, kisha husema "nimepokea". Ukishalitamka neno hilo, mitambo ni yako. Huendi chooni, huendi popote, mpaka aje mwingine akupokee na wewe. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Nikafikiri, kumbe mahojiano ya hapa ni ya vitendo! Nikafurahi jamani. Hatimaye nimempata mtu asiyeniuliza kama naweza kukimbiza mwizi.

"Begi na simu tundika hapo kwenye msumari," akasema mzee. "Ndani gesi imevuja, na stima imekatika, hata taa hakuna. Usiwashe kitu."

Akafungua mlango. Harufu ya amonia ikanipiga puani, ile kali inayotoa machozi. Lakini haikuwa mbichi. Ilikuwa harufu kuukuu, imekaa mpaka imeingia ukutani. Ningejiuliza hapo. Sikujiuliza.

Giza la mle ndani sijawahi kuliona. Na nimelala chini ya sitaha za meli, giza nalijua. Mzee akanishika mkono wa shati akaniingiza hatua kwa hatua, akanisimamisha, akaanza kunikabidhi. Sauti yake ilikuwa ikitokea karibu, kisha mbali, kama anayezunguka kitu kikubwa.

"Kompresa ni nne. Namba moja yapumzika. Namba mbili yakohoa, usiiamini. Namba tatu ni nzima, msifu Mungu. Namba nne..."

Buti zake zikasimama.

"Namba nne, mzee?"

"Namba nne usiisogelee."

"Kwa nini?"

"Usiisogelee, mwanangu."

Nikayarudia yote kwa sauti, kama nilivyofundishwa. Moja yapumzika, mbili yakohoa, tatu ni nzima, nne usiisogelee. "Nimepokea!"

Yule mzee akashusha pumzi. Pumzi ndefu, ndefu kabisa, mpaka nikahisi upepo wake shavuni. Sijawahi kusikia mtu akishusha pumzi namna ile.

"Zote zangoja stima," akasema. "Wewe sikiliza. Na kila baada ya kitambo toa ripoti hapo ukutani, pana tundu la bomba. Msimamizi yuko upande wa pili. Sema kwa sauti, ni mzito wa kusikia."

"Sawa, mzee. Na mimi nitapokelewa na nani?"

Akatoka. Mlango ukafungwa. Nikasikia buti zake uani, zikienda polepole. Kisha zikaenda haraka. Kisha, wallahi, zikaanza kukimbia.

Basi nikabaki. Nikasimama miguu sawa, mikono nyuma. Juu huko njiwa walikuwa wakikwaruza mabati. Mahali fulani tone la maji lilikuwa likianguka, likikaa, likianguka. Nilihisi ile mitambo minne imenizunguka gizani, imekaa kimya inanitazama. Mtambo uliozimwa una ukimya wake, fundi yeyote atawaambia. Lakini hawa walikuwa kimya kupita kiasi. Hata chuma kinachopoa huwa kinalia kidogo.

Kitambo kikapita. Nikapapasa ukuta, nikalipata tundu, nikatia mdomo.

"Ripoti! Mitambo yote shwari! Hakuna aliyeamka!"

(Jeshini kwetu mtambo ukiwaka tunasema umeamka. Sikuwaza kwamba raia hawajui.)

Upande wa pili kulikuwa na watu wakizungumza. Walinyamaza wote kwa pamoja. Kisha nikasikia kiti kinaburutwa. Nikatabasamu gizani, nikijua wananiandikia maksi.

Nikangoja tena. Nikaripoti tena, kwa sauti zaidi kwa ajili ya uzito wa masikio ya msimamizi: "Ripoti! Bado wamelala! Naendelea kuwachunga!"

Gilasi ikaanguka ikavunjika. Mtu akapiga yowe, moja tu, likakatika. Nikasema moyoni, hawa watu wana ukaguzi mkali.

Ndipo nikasikia ngurumo. Haikuja masikioni, ilikuja nyayoni. Ilitoka sakafuni ikapanda kwenye buti, ndogo, mfululizo. Moyo ukaniruka. Stima imerudi! Namba mbili inaamka, nayo ndiyo ile isiyoaminika! Nikanyoosha mikono mbele na kwenda kuitafuta.

Hatua moja, hewa. Hatua nyingine, hewa. Nikapiga nyingine, nikajikwaa kidole nusura nianguke. Nikainama kupapasa. Bolti. Bolti nene imetoka sakafuni, kichwa kimekatwa kwa moto. Kando yake nyingine. Nikazipapasa zote zinavyozunguka, na mikono yangu ikazitambua kabla ya kichwa changu. Hizi ndizo bolti zinazokaza kompresa chini isitembee. Kompresa yenyewe haikuwepo; ile ngurumo ilikuwa ikitoka jengo jipya, upande wa pili wa ukuta.

Nikaenda ilipopaswa kuwa namba tatu, ile nzima, ya kumsifu Mungu. Bolti zimekatwa. Nikaenda namba moja iliyopumzika. Bolti zimekatwa. Jasho likaanza kunitoka mgongoni. Nikasogea polepole upande wa namba nne, mguu wa mbele ukienda wenyewe kutafuta njia, na mguu ukakosa sakafu. Palikuwa na shimo. Walipoing'oa namba nne waling'oa na msingi wake, wakaacha shimo, ambalo hadi sasa sijui kina chake. Nikarudi kinyumenyume, nikagonga kitu. Kiti cha mbao, kina mto mdogo wa kukalia. Nikauweka mkono juu ya mto.

Ulikuwa bado una joto.

Hapo nikajua. Mzee yule hakunipeleka kwenye mtambo wowote. Alinikabidhi chumba kitupu, naye mwenyewe alikuwa amekaa humo gizani akikichunga, kabla yangu.

Najua mtakalosema. Kadzo, si ungetoka? Mlango haukuwa na kufuli! Nilijua haukuwa na kufuli. Lakini nilikuwa nimeshasema nimepokea. Nikaushika ukuta, na niseme ukweli hata kama ni wa aibu: niliogopa, ndiyo, ila chini ya ile hofu kulikuwa na raha. Tangu nitoke jeshini hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisimame wapi. Leo nimeambiwa, na mwili wote ukatulia. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko giza, kuliko shimo, kuliko kile kiti chenye joto. Nikahisi uso wangu unageuka kuwa ule uso wa mzee.

Nikarudi kwenye tundu. Wajibu ni wajibu. Hali ikibadilika, unaripoti. Sauti ikatoka inatetemeka, halafu kubwa:

"Ripoti! Namba moja hayupo! Namba mbili hayupo! Namba tatu hayupo! Namba nne ni shimo! Nimebaki peke yangu gizani! Nangoja amri!"

Mayowe! Meza ikapinduka. Miguu ikakimbia huku na huku, mlango ukapigwa, mtu akalia "Mama yangu!" Kisha sauti ya mwanamume ikaja kwenye tundu kutoka mbali kidogo, inajikaza.

"Wewe uliye ukutani! Wewe ni nani?"

Hatimaye maswali! Nikakaza mgongo. Nikajiambia, Kadzo, haya sasa ndiyo mahojiano, walikuwa wanakupima moyo tu. Usiharibu.

"Naitwa Kadzo!"

"Mko wangapi humo ndani?"

"Niko mmoja! Wenzangu wameshaondolewa!"

"Umetumwa na nani?"

"Na mzee aliyekuwa humu kabla yangu! Yeye ameshakwenda!"

Nikasikia watu wakiguna. Mwanamke akasema, "Astaghafirullah." Ile sauti ya mwanamume ikapanda juu.

"Na humo wataka nini?"

"Nataka kazi!"

"Kazi gani?"

"Yoyote ya mitambo! Na niko tayari kuanza leo! Naweza kukaa hapa usiku na mchana, silali, sichoki!"

(Hili jibu nililifanyia mazoezi mbele ya kioo cha Mama. Nilijua lina nguvu.)

Nikasikia wananong'onezana. Nikafikiri nimewashinda.

"Nakuamuru utoke!"

"Siwezi kutoka!"

"Toka, nasema!"

"Sitoki mpaka aje mwingine aingie mahali pangu! Mmoja wenu aje achukue nafasi yangu, nitatoka saa hiyo hiyo!"

Jamani. Mtu alianguka. Nilisikia kabisa kishindo cha mtu mzima anayeanguka sakafuni. Baadaye niliambiwa ni kijana mmoja mwenye tai, mwenzangu aliyeitwa mahojiano kama mimi. Alipozinduka alikimbia mpaka barabara kuu, akaacha kiatu kimoja na vyeti vyake vyote.

Mimi nikangoja swali lingine. Badala yake nikasikia nyimbo. Ziko nje, zinazunguka jengo, zinakuja upande wangu. Nyimbo za kanisani, tena zile za mazishi. Mlango ukafunguliwa kwa teke, mwanga wa jua ukaniingia machoni, sioni kitu. Na mwanajeshi asiyeona kitu, mlango unapofunguliwa kwa nguvu, hufanya jambo moja. Nikabana miguu, nikapiga saluti, nikanguruma:

"Zamu iko salama, afande! Mitambo yote minne haipo!"

Nikamwagiwa maji ya ndoo nzima, ya baridi ya barafu kweli.

Macho yalipozoea, nikawaona. Mbele ni Katana, mpakiaji wa barafu ambaye ndiye kiongozi wa maombi hapo kazini, Biblia mkono mmoja, ndoo tupu mkono wa pili. Nyuma yake Mutua, mlinzi wa geti, mwenye kile kikombe cha chai, ameshika rungu lakini amelishika kichwa chini. Nyuma yao wafanyakazi kadhaa, mmoja wao amenyoosha simu, anarekodi. Na nyuma kabisa mama mmoja wa makamo, buibui safi, miwani puani, anaushika moyo. Huyo ndiye Bi Zuhura, meneja. Aliyeniita mahojiano.

Maji yakawa yanachuruzika. Mimi nikiwa bado nimepiga saluti. (Hakuna aliyeniambia nishushe mkono.)

"Ana kivuli," Katana akanong'ona. "Mwangalieni, ana kivuli."

"Madam," Mutua akasema, "wewe uliingia aje? Mimi nilienda tu kuongeza sukari!"

"Niliingizwa na mzee," nikasema. "Mwenye ovaroli ya bluu. Alinikabidhi zamu."

Hapo nilidhani watacheka. Sikutaka kitu kingine duniani isipokuwa wacheke, yaishe. Lakini hawakucheka hata mmoja. Walitazamana, na yule wa simu akaishusha.

"Mzee Chengo," akasema Bi Zuhura.

Mutua akasema kwamba mzee huyo huja kila siku kabla ya jua, anasalimia, anaingia kwenye jengo la zamani, hatoki hadi jioni. Wamemzoea. Hamsumbui mtu. Hakuna aliyewahi kumfuata ndani kuona anafanya nini.

"Lakini leo ametoka saa hizi za asubuhi," Mutua akasema. "Amenipita getini mbio. Nikamuuliza, mzee, kwema? Akaniambia, 'Nimepokelewa.' Akaenda zake. Analia na anacheka."

Baridi iliyonipata haikuwa ya yale maji.

Bi Zuhura akanichukua mpaka ofisini kwake, akanipa leso nijifute. Nyuma ya kabati lake nikaliona lile tundu la bomba. Kumbe asubuhi yote nilikuwa namngurumia mama wa watu kisogoni! Kwa yale mayowe hata jina langu hakulisikia. Akanieleza, taratibu, kwa Kiswahili chake kilichotulia. Mitambo ya zamani iliuzwa kama chuma chakavu, zamani kidogo, kabla yeye hajawa meneja. Siku ya kulifunga lile jengo, Mzee Chengo alikuwa zamu. Mwenzake wa kumpokea alikuwa amepewa barua ya kuachishwa asubuhi hiyo hiyo, akarudi kwao. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mzee. Alingoja mpaka siku ya pili, mafundi wa kukata vyuma wakaja wakaanza kukata, naye amesimama.

"Hakuna aliyekuja kumpokea," akasema Bi Zuhura. "Hadi leo."

Nikaitazama ile leso. Nikalia, basi. Sikulia kwa uzuri. Nililia kwa kamasi, mbele ya mtu anayetaka kuniajiri, nikijua kabisa kwamba Jumatatu niko mlangoni napekua mikoba. Na Bi Zuhura, Mungu amweke, akafanya jambo la huruma kubwa: akajifanya haoni, akaniuliza swali la kompresa. Nikajibu huku navuta kamasi. Akauliza lingine. Nikajibu. Mahojiano yangu yakaendelea hivyo, mimi nimelowa chapachapa, kiatu cha yule kijana mwenye tai kikiwa kati yetu sakafuni.

Tulipofika kwenye mshahara simu yake ikalia. Akaitazama, akaniashiria nisubiri. Sauti ya mwanamke upande wa pili ilikuwa juu mpaka nami nikaisikia. Alikuwa binti wa Mzee Chengo.

"Bi Zuhura, baba amerudi nyumbani. Amevua buti. Amekula, amelala. Sijapata kumwona amelala mchana tangu kile kiwanda cha zamani kifungwe. Kumetokea nini huko?"

"Amesema lolote?"

"Amesema kuna msichana amempokea. Na amesema nimwamshe kesho alfajiri, kwa vyovyote vile. Nikamwambia baba, si umeshapumzika? Akanigombeza. Asema yule msichana yuko zamu, na yeye hawezi kumwacha mtu bila kumpokea, kama alivyoachwa yeye."

Bi Zuhura akaiweka simu mezani polepole. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Njiwa wa lile jengo la zamani walisikika hadi pale ofisini.

"Kadzo," akasema, "kazi ya mitambo mipya ni yako. Ila kesho alfajiri, kabla hujagusa kitu kingine, utakuwa mle ndani. Mzee atakuja. Utamkabidhi, atakupokea. Kisha naye atakukabidhi, utampokea, arudi nyumbani akalale. Na kesho kutwa vivyo hivyo."

"Mpaka lini, Bi Zuhura?"

"Mpaka siku asiyokuja."

Nikasimama. Nilitaka kusema asante, mama, nashukuru sana, kama raia yeyote. Badala yake mkono ukapanda wenyewe. Bi Zuhura akautazama, hakucheka. Akaitikia kwa kichwa kidogo, kama anayepokea, na ndipo mkono ukakubali kushuka.

Kwa hiyo nimepata kazi, na nimeshamwambia binamu yangu lile duka alitafutie mtu mwingine. Mama amepiga vigelegele mpaka majirani wametoka. Sijamwambia kila kitu. Sijamwambia kwamba nilipofika njia panda kutoka kiwandani miguu ilikuwa mizito, nikageuka mara mbili kulitazama lile jengo, kwa sababu nimetoka na hakuna aliyenipokea.

Video ikiwafikia, nawaomba msicheke. Atakayecheka aje kesho alfajiri, nimkabidhi.